LESENI YA MLANGONI SI KIPANDE



Jumamosi moja, ofisi ya tawi ilipokuwa karibu kufungwa, aliingia mzee mmoja ambaye ni mwanachama wetu wa miaka mingi, mtu wa kulipa ada yake bila kukumbushwa. Aliketi, akavua kofia, akatoa karatasi mfukoni. Juu yake palikuwa na bendera ya Uingereza, na chini yake picha ya kijana mwenye suti nyeusi amesimama mlangoni kama mnara. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, nasi tukamfasiria: kazi ya kulinda mlango wa klabu ya usiku mjini London, leseni tayari, viza tayari, chumba tayari, malipo shilingi 280,000, nusu sasa, nusu kabla ya kupanda ndege. Nusu ya kwanza mzee alikuwa amekwisha ilipa. Aliuza ng'ombe wawili. Alikuja kutuuliza neno moja tu: je, auze na hawa wawili waliobaki, ili mwanawe asikose nafasi?

Tulimwambia asiuze hata kwato. Ndipo akauliza swali la pili, na hilo ndilo lililotukalisha chini kuandika. "Haya," akasema, "hawa ni wezi, nimekubali. Basi njia ya haki ni ipi?"

Ni aibu kwa ofisi ya chama kumwambia mtu asipite hapa, na huku haijui pa kumpitisha. Kwa hiyo tumeuliza, tumesoma sheria, na tumezungumza na vijana wetu walioko kule. Yafuatayo ndiyo tuliyoyapata. Tunaomba kila msomaji amsomee mwenzake asiyekuwa na nakala, kwa maana karatasi zetu ni chache.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Vijana humwita mtu huyu baunsa. Watu wa pwani wana neno zuri la siku nyingi, bawabu. Wengi hudhani kazi yake ni kuwa na shingo nene. Sivyo. Bawabu wa klabu huangalia umri wa anayeingia, hupekua mifuko, huhesabu watu wasizidi kiasi kilichowekwa, humtoa mlevi bila kumvunja mkono, humwita daktari, huwafungulia watu njia moto ukizuka, tena usiku ukiisha huandika kitabuni yote yaliyotokea. Kazi hiyo huifanya wakati kila mtu mwingine amelewa, na yeye peke yake ndiye asiyeruhusiwa kulewa.

Zamani huko Uingereza hapakuwa na sheria moja ya nchi nzima juu ya kazi hii. Miji mingine ilikuwa na orodha zake, mingine haikuwa nayo. Mwenye klabu alitafuta watu wa vifua vipana, akawalipa mkononi alfajiri, basi. Mahali pengine magenge yaliishika milango kwa makusudi, kwa sababu mwenye mlango ndiye anayeamua nani atauza madawa ya kulevya ndani na nani atafukuzwa. Watu walipigwa, na wengine walikufa. Mwaka 2001 Bunge lao likatunga sheria iitwayo Private Security Industry Act, na mwaka 2003 ikaanza mamlaka ya kuisimamia, jina lake Security Industry Authority, ambayo watu wote huiita SIA. Leseni za mabawabu zilianza kutolewa England na Wales mwaka 2004, Scotland zikafuata mwaka 2007, na Ireland ya Kaskazini mwaka 2009.

Sasa njia yenyewe. Mwenye kutaka leseni lazima awe ametimiza miaka 18. Lazima awe na haki ya kufanya kazi katika nchi ile. Neno hili litieni akilini, tutalirudia. Lazima ajue Kiingereza cha kusema, kusikia, kusoma na kuandika kiasi cha kuweza kuandika taarifa ambayo hakimu ataisoma baadaye.

Kisha yaja mafunzo, na hapa hapana njia ya mkato. Tangu Aprili 2021 hakuna anayeingia katika kozi ya ubawabu kabla ya kuonyesha cheti cha huduma ya kwanza, na cheti hicho kiwe kimebakiwa na miezi isiyopungua 12. Maana yake ni kwamba kabla hujafundishwa kumzuia mtu, ujue kwanza jinsi ya kumwokoa. Twasifu mpango huo. Baada ya hapo ni kozi yenyewe, siku nyingi tena za kuhudhuria kwa mwili wako, si za kutumiwa kwa posta. Hufundishwa sheria ya kazi ya ulinzi kwa jumla. Kazi ya mlango hasa, pamoja na madawa, umri, moto na dalili za watu wenye nia ya kuua. Kutuliza ugomvi kwa maneno. Na mwisho kumshika mtu kwa mikono. Mitihani ni ya maandishi na ya vitendo, na ile ya vitendo hupigwa picha za sinema ili mkaguzi aweze kuona kwamba aliyefaulu ndiye aliyefanya.

Jambo moja katika kozi hiyo twataka kila mlinzi wa hapa kwetu alijue leo, hata kama hana haja ya kwenda mbali zaidi ya Thika. Mtu aliyeangushwa kifudifudi na kukandamizwa mgongoni aweza kufa kwa kukosa pumzi, hata kama hakuna aliyemgusa koo. Akilia kwamba hawezi kupumua, usimjibu kwamba anayeweza kusema anapumua. Mwinue, mkalishe. Jambo hili ni dogo na halina gharama, na limekwisha kuwapeleka mabawabu wengi kizimbani kwa mauaji ambayo hawakuyakusudia.

Akiisha faulu, mtu huomba leseni kwa SIA yeye mwenyewe, kwa njia ya intaneti, kisha hupeleka hati zake posta zikaguliwe. SIA huchunguza kama ana makosa mahakamani. Aliyeishi nje ya Uingereza miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 5 iliyopita hutakiwa kuleta hati ya polisi ya nchi alikokaa. Kwa mtu wa Kenya hiyo ni ile ile hati ya tabia njema itolewayo na Idara ya Upelelezi. Kosa la zamani halimfungii mtu mlango daima. Hupimwa lilikuwa kosa gani na ni miaka mingapi imepita. Kulificha ndiko kunakomwangusha.

Ada ya leseni iliwekwa kuwa pauni 184 mwezi wa Aprili 2023, na leseni hukaa miaka 3. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya 30,000. Ukikataliwa pesa hazirudi. Ada hiyo ni mbali na karo ya kozi na ya huduma ya kwanza, na yote hayo mara nyingi hulipwa na mfanya kazi kabla hajapata hata senti moja ya mshahara. Tangu Aprili 2025, tena, anayetaka kuandikishwa upya miaka 3 ikiisha lazima afanye mafunzo ya kujikumbusha. Sisi hatukatai mafunzo. Tunauliza tu kwa nini tajiri anayeuza kinywaji usiku kucha nyuma ya mgongo wa bawabu asilipe chochote.

Leseni ya bawabu ina faida moja ambayo wengi hawaijui: mwenye nayo aweza pia kufanya kazi ya ulinzi wa kawaida, ya dukani au ya jengo, bila leseni nyingine. Lakini mwenye leseni ya ulinzi wa kawaida hawezi kusimama mlangoni mwa klabu. Tena mlinzi aliyeajiriwa moja kwa moja na mwenye duka, si na kampuni ya ulinzi, kule haihitaji leseni. Ila bawabu wa mahali panapouzwa pombe aihitaji hata akiwa ameajiriwa na mwenye klabu mwenyewe. Anayefanya kazi bila leseni aweza kufungwa miezi 6 au kutozwa faini, au yote mawili. Anayemtumia mtu asiye na leseni aweza kufungwa hata miaka 5. Hapo sheria imepima vizuri, kwa kuwa aliyemweka mwenziwe katika makosa ndiye mwenye kosa kubwa.

Turudi sasa kwa yule mzee na karatasi yake.

Leseni haiwezi kuwa "tayari" kabla mtu hajasoma, hajafanya mtihani, hajaonyesha hati zake mwenyewe. Anayeuza leseni iliyo tayari anauza ama karatasi bandia, ama leseni ya mtu mwingine. Huko huko Uingereza wamewahi kushikwa watu waliouza vyeti vya mafunzo yasiyofanyika. Daftari la wenye leseni liko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti. Chukua namba iliyo kwenye kadi, itafute, na kama jina na namba havilingani, umekwisha kupata jibu lako bila kulipa wakili.

Na viza ndiyo uongo mkubwa kuliko wote. Serikali ya Uingereza hutoa viza za kazi kwa watu wa ufundi fulani, na kazi ya mlango haikuwamo katika ufundi huo. Mwezi wa Julai 2025 walikaza zaidi, wakaipandisha ngazi ya elimu inayotakiwa hadi kazi za kiwango cha digrii. Kwa hiyo hakuna kampuni ya ulinzi inayoweza kumchukua kijana wa Kakamega au wa Kitui kutoka nyumbani kwao, imtoe viza kwa sababu ya ubawabu. Leseni ya SIA haileti viza. Ni kinyume chake: haki ya kufanya kazi huja kwanza, na leseni huifuata. Wakenya tunaowajua wenye leseni hiyo ni wale waliofika kule kwa njia nyingine: waliooa au kuolewa, waliokaa miaka mingi wakapewa ukaazi, na wanafunzi.

Kwa wanafunzi tuna onyo la pekee. Mwanafunzi wa chuo kikuu kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo, wala haruhusiwi kabisa kuwa mtu wa kujiajiri. Sasa sikilizeni hila. Kampuni nyingi za milango humwambia bawabu, "Wewe si mfanya kazi wetu, wewe unajitegemea, tutakulipa kwa ankara." Husema hivyo ili wasilipe likizo, wasilipe ugonjwa, wasikate kodi. Mwingereza akikubali amepoteza haki zake za kazi. Mwanafunzi wetu akikubali amevunja sharti la viza, na aweza kurudishwa nyumbani bila digrii, na deni la karo limebaki mabegani mwa baba yake. Kijana wako akiwa kule, mwandikie habari hii kabla ya kumwuliza habari za baridi.

Mshahara nao tuuseme, maana karatasi ile ilitaja kiasi ambacho hata meneja hakipati. Kule hakuna kima cha chini cha mabawabu peke yao. Kuna kima cha chini cha nchi, ambacho tangu Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi, na wengi hulipwa hicho au juu yake kidogo. Ondoa kodi ya chumba cha London, ondoa nauli ya saa tisa za usiku wakati treni zimelala, kisha hesabu mwenyewe.

Tumekiita kichwa cha habari hii "si kipande", na wazee wamekwisha kuelewa. Vijana wengi hawajakiona kipande ila kwenye picha. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikatumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kazi alivikwa karatasi ndani ya kikopo cha bati, akikitundika shingoni kama mbwa na kengele yake. Ndani mliandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Uchungu wake mkubwa haukuwa bati. Uchungu ulikuwa kwamba mtu hakuweza kuacha kazi mpaka tajiri atie sahihi ya kumwachilia. Akiondoka bila sahihi hiyo alisakwa kama mtoro. Na tajiri mpya alisoma mshahara wa zamani, akasema, "Ulikuwa ukipata shilingi nane, kwangu utapata nane." Kelele za watu juu ya kipande zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya wamfuate Harry Thuku mwaka 1922, na hakikuondolewa hadi mwaka 1947.

Basi mtu akisikia kwamba bawabu wa London lazima avae kadi yake mahali ionekane, mara nyingi mkononi juu ya kiwiko, tena yenye picha na namba, aweza kusema: hiki si kipande kile kile? Mwanachama mmoja alituambia hivyo, naye hakuwa mjinga.

Tofauti iko hapa. Leseni ile hupewa mtu kwa jina lake. Haina jina la tajiri. Haina mshahara. Akichoka na klabu moja Ijumaa, Jumamosi aweza kusimama mlango wa pili na kadi ile ile, wala haombi sahihi ya mtu. Ndiyo, mamlaka yaweza kumnyang'anya akifanya kosa, lakini mamlaka siyo mwenye klabu, na bawabu ana haki ya kujitetea na kukata rufani. Karatasi inayomfunga mfanya kazi kwa bwana mmoja ni kipande hata ikipakwa dhahabu. Karatasi inayoshuhudia ufundi wake, ambayo aweza kuondoka nayo, ni mali yake. Kwa hiyo mkiletewa karatasi yoyote ya kazi ya ulinzi, ya hapa, ya Ghuba au ya Ulaya, ulizeni swali hili kabla ya kuuliza mshahara: nikiondoka, nitaondoka nayo?

Maana katika kazi hii kadi na suti si ulinzi. Bawabu mwenye leseni si polisi. Hana nguvu zaidi ya raia. Aweza kumkataza mtu kuingia. Aweza kumwomba atoke, na akikaidi amtoe kwa nguvu inayolingana na jambo lenyewe, isizidi. Aweza kumpekua mtu kwa ridhaa yake tu, na asiyekubali haingii. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Ndiyo sababu kuna haja ya mabawabu wanawake, na dada zetu wasidhani kwamba mlango ni wa vifua vipana tu. Katika kutuliza ugomvi, walimu wa kazi hii watakwambia, mara nyingi sauti ya mwanamke mmoja hushinda mikono ya wanaume watatu.

Sasa twafika penye uzito.

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, gari lenye bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani katika Nairobi. Pale kizuizini alikuwapo mlinzi wa kampuni, Mkenya mwenzetu, hana bunduki. Aliambiwa afungue. Alikataa. Ripoti rasmi ya uchunguzi ya Wamarekani yaeleza kwamba walinzi walijaribu kuwaarifu askari wa ndani. Simu ilikuwa ikitumika, na mawimbi ya redio yalikuwa yameshikwa na maneno ya watu wengine. Bomu likalipuka pale nje. Watu 213 walikufa. Laiti lile gari lingepita, hatujui leo tungekuwa tunahesabu wangapi.

Miaka 19 baadaye, tarehe 22 Mei 2017, katika jumba la muziki la Manchester, watu 22 waliuawa na bomu, wengi wao vijana na watoto waliotoka kusikiliza nyimbo. Tume ya uchunguzi ilisikia kwamba mzazi mmoja alimtilia shaka yule muuaji na begi lake kubwa, akawaambia watu wa mlangoni. Habari ikamfikia mlinzi wa miaka 18. Kijana yule alisema aliogopa kumkabili mtu kwa rangi yake akaitwa mbaguzi. Alijaribu redio ili awaambie wakubwa. Hakupata nafasi, redio ilikuwa imejaa maneno.

Someni tena habari hizo mbili. Nchi mbili, miaka 19 kati yake, na mtu wa chini kuliko wote ndiye aliyeona kwanza, na ndiye aliyekosa wa kumsikia. Matajiri hununua mlinzi wa bei rahisi, wakampa redio moja ya watu arobaini, kisha mambo yakiharibika humwuliza yeye, "Ulikuwa wapi?" Alikuwa mlangoni.

Hata kifo chenyewe humfikia wa kwanza. Tarehe 15 Desemba 2022, katika ukumbi wa Brixton, London, watu wengi wasio na tikiti walisukuma milango siku ya muziki wa Asake wa Nigeria. Wawili walikufa kwa kukanyagana, na mmoja wao alikuwa mfanya kazi wa ulinzi mwenye miaka 23 aliyekuwa zamuni. Ukumbi ule haukuruhusiwa kufunguliwa tena mpaka ukubali masharti 77. Masharti mazuri. Lakini yalikuja baada ya mazishi.

Hapa kwetu tuna sheria pia. Sheria ya kusimamia ulinzi wa kibinafsi ya mwaka 2016 yataka mlinzi aandikishwe na afundishwe, na imempa ruhusa ya kumpekua anayeingia na anayetoka katika mahali anapopalinda. Mabawabu wa klabu za Nairobi, Mombasa na Nakuru ni walinzi kama walinzi wengine, kwa maana wanapekua, wanazuia na wanatoa watu. Wala hatuoni sababu ya kuwaacha kama vibarua wa usiku mmoja. Mwezi wa Januari 2024 Mamlaka ya ulinzi ilitangaza kwamba mlinzi wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Makampuni yakapiga kelele, mambo yakaingia mahakamani. Jambo la kuandikishwa, hilo hawakulipigia kelele nyingi. Wanapenda mlinzi mwenye namba; hawapendi mlinzi mwenye mshahara.

Twaseme wazi msimamo wa tawi letu. Tunataka mafunzo, tena mafunzo ya kweli kama yale ya siku nyingi, yaanze na huduma ya kwanza. Gharama yake ibebwe na mwajiri, na asiikate kwenye mshahara kwa mlango wa nyuma. Cheti kiwe cha mfanya kazi, wala kampuni isikifungie kabatini siku anapotaka kuondoka. Tumepata habari za jambo hilo kwa zaidi ya mwanachama mmoja. Kila mlango uwe na redio inayosikika, pawe na mtu aliyewekwa kuisikiliza, na kitabu cha matukio kikae mahali ambapo meneja hawezi kukichana. Na bima ya ajali kazini, ambayo sheria ya mwaka 2007 imemlazimisha kila mwajiri kuwa nayo, ionyeshwe kwa mlinzi, asiambiwe tu kwamba ipo. Wajumbe wetu watayaweka maneno hayo mezani mazungumzo ya mkataba yatakapoanza. Wanachama walio katika klabu na mahoteli watuletee mapema majina ya mahali ambapo mtu mmoja analinda milango miwili.

Kwa wenye watoto walioko Uingereza: waambieni waingie chama. GMB kina wanachama wengi wa kazi ya ulinzi, na mtu aliyeambiwa "unajitegemea" ana pa kwenda kuuliza kama ni kweli.

Na kwa wale wanaoletewa karatasi za safari: wakala wa kazi za nje lazima awe ameandikishwa na National Employment Authority, na orodha yao yaweza kuonwa. Msilipe kabla ya kuitazama. Asiyejua kuitazama aje kwetu. Kuanzia sasa, kila Jumamosi kutoka saa tatu hadi saa saba mchana, karani mmoja atakaa meza ya kwanza kwa kazi hiyo tu. Hakuna ada. Mlete karatasi yenyewe, si maneno yake.

Yule mzee tulikwenda naye polisi Jumatatu. Risiti yake ilikuwa na mhuri, na nakala yake imo katika faili letu. Mwanawe amejiandikisha kusoma huduma ya kwanza hapa hapa mjini. Ng'ombe wawili wamebaki. Ofisa aliyechukua maelezo alituambia kesi ya mtu mmoja hukaa, bali kesi ya watu kumi husogea. Kwa hiyo, ndugu, aliyelipa kwa karatasi yenye bendera na picha ya kijana wa suti nyeusi, asione haya. Aje na risiti yake Jumamosi hii, na akija na jirani yake aliyelipa vile vile, ni vizuri zaidi.